Barua ya Bashira Haifunguki

Baada ya adhuhuri baraza ya Sokomuhogo hupata kivuli upande mmoja tu, na upande huo una wenyewe. Abdulwahid, karani mstaafu wa bandarini, alibanwa kati ya Himid fundi redio, waliyempa jina la Bisibisi, na Jecha, aitwaye Satalaiti kwa kuwa habari ya dunia haimpiti. Borafya, anayewasomea barua kwa sauti hapo barazani tangu macho ya Abdulwahid yapungue nguvu, alisimama mbele yao na simu ya Abdulwahid mkononi. Washenga wa Haitham walikuwa wanakuja alasiri hiyo kuchukua jawabu la posa. Jawabu la Bashira, bintiye Abdulwahid aliyeko ng'ambo, Salala, kwenye kazi ya uuguzi, lilikuwa limo ndani ya simu ile, ila halisomeki.

— Soma basi, alisema Abdulwahid.

— Nsome nini, sheikh? Herufi zimemwagika kama dengu!

— Mpigie simu mwanao, alisema Jecha.

— Nshampigia. Kanambia, “Baba, jawabu nshakuandikia, kwa mdomo naona haya.” Sasa yuko zamu, simu kaizima.

Bisibisi aliguna.

— Ndiyo hiyo programu yenu ya siri. Ujumbe unakwenda kwa barua pepe hizi hizi, lakini ndani ya bahasha yenye kufuli. Ufunguo ulikuwamo kwenye simu yako ile iliyoingia maji. Hii mpya inafungua barua za kawaida tu. Kufuli inaliona, ufunguo haina.

— Si barua pepe zote moja? Mbona mimi wa kampuni hii naandikiana na wa kampuni ile? aliuliza Abdulwahid.

— Bahasha inapokewa kokote. Kufuli ndo kila mmoja na lake. Mabingwa hao! Wametia mlango madhubuti, mwenye nyumba analala nje.

— Bisibisi, redio yangu iko kwako tangu Mfunguo Mosi, tangu Idi, alisema Jecha. Usitufundishe. Waya wa mtandao unapita chini ya bahari. Wakubwa wanaichomoa barua, wanaichungulia, halafu hawajui kuipanga tena.

— Wakubwa gani wenye haja na posa ya Haitham? aliuliza Bisibisi.

— Haitham anafanya kazi wapi?

— Kizimbani, kwenye shamba la viungo.

— Eh! Siri ya karafuu! Huyo bwana anatafutwa!

Walicheka wote isipokuwa Abdulwahid. Akiwaambia washenga ndiyo kwa kukisia, atakuwa kamwoza mwanawe kwa nguvu. Akiwaambia hapana, huenda akamvunjia alichokitaka.

— Tusihangaike, alisema Borafya. Herufi ya kwanza ni h. Hapana hiyo!

— Nipe nione, alisema Jecha. Mbona mwisho pana alama mbili za sawasawa? Sawa, sawa. Keshakubali!

— Basi waambie kanyamaza, alisema Borafya. Mwari akinyamaza karidhia, ndo kawaida yetu.

— Kurasa mbili hizi, Borafya, ndo kunyamaza? aliuliza Bisibisi.

— Kama haisomeki, kanyamaza.

— Hii inapiga kelele kijini, alisema Jecha. Itafutiwe mtu wa kuifukiza ubani.

Bi Kazija, jirani, alikuwa anapita na kikapu chake akitokea Darajani. Walimwamkia, akaitika marahaba, akauliza kulikoni. Jecha akamweleza kwa kunong'ona, kama mtu anayekabidhi siri ya serikali.

— Kufuli, alisema Bi Kazija. Nimefahamu. Ile barua yake ya Rajabu, alipomkataa yule mwalimu wa Chwaka, mimi niliisikia kwenye meza ya pweza kabla baba'ke hajafika nyumbani. Muuza pweza anaijua mpaka salamu za mwisho.



— Sasa nambieni, nyinyi wataalamu. Hii kaifunga ili nani asiisome?

Bisibisi aliinama akafunga kamba za viatu vilivyokuwa havina kamba. Jecha alilitikisa birika la kahawa, lilikuwa tupu. Borafya aliipangusa simu kwa upindo wa shati.

Abdulwahid alinyoosha kiganja. Borafya akamwekea simu juu yake, naye akaitia mfukoni bila ya kuitazama, akashika njia ya nyumbani kwenda kuwaomba washenga wangoje mpaka zamu ya binti imalizike. Sababu ya kuwapa alikuwa bado hana.