Shamba Nililonunua kwa Mkwe

Jamaa zangu wa chama cha kuzikana, leo msinikatize, maana furaha imenijaa hadi kooni!

Mnanijua, mtu wa Mombasa, nchi ya Mwingereza. Nilipofika huku kwa Mdachi na mke wangu mjamzito, nilitaka kitu kimoja tu: mahali petu, mwanangu asizaliwe chumba cha kuazima. Kule juu Mkuyuni nikamkuta bwana mmoja anauza shamba. Nikalipa rupia zangu, akaniandikia karatasi, mashahidi watatu, wote wanaume. Nikalima mihogo nikiimba.

Mihogo ikiwa bado michanga, akaja shemeji wa yule bwana, ndugu wa mkewe. Akaniambia kwa upole, "Yule ni mkwe tu hapa, analimia kwa mkewe. Shamba ni la ukoo wa mama."

Nikakimbilia bomani. Karani akaisoma karatasi yangu, akanirudishia. "Mtu wa Mwingereza, umenunua kwa asiye na kitu." Na muuzaji alikwisha teremka pwani!

Ndugu zangu, nawaambia aibu yangu. Nilipanda tena mlimani nikang'oa mihogo yote kwa mikono yangu, mbele ya wanawake wa ukoo, huku nikitukana. Nikashuka, nikakaa chumbani siku nyingi, sisemi na mtu. Mtoto akazaliwa humo humo chumba cha kuazima. Nililia.

Mke wangu ndiye aliyeniamsha. "Wenye shamba ni wanawake. Umewahi hata kuwasalimu?"

Tukapanda wote, yeye na mtoto mgongoni. Tukamkuta bibi mkubwa wa ukoo anapepeta mahindi. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mihogo ilikukosea nini?"

Wanawake wakaangua kicheko! Nikasema, "Bibi, nilikuwa mjinga."

"Mjinga hufundishika. Leta huyo mtoto nimwone."

Akampakata, akamtazama sana. Kisha akasema, "Ardhi yetu hatuuzi, hata ulete rupia gunia zima. Lakini mgeni akiomba, tunampa pa kulima na pa kujenga. Kila mavuno utatuletea kikapu cha kwanza, tujue bado unatukumbuka." Akaondoka mwenyewe na jembe, akanionyesha mipaka kwa miguu yake. Jamani, nilirukaruka kama mwendawazimu!

Namshukuru bibi yule, na mke wangu aliyenishika sikio. Nanyi ahsanteni, mlionilisha nilipokuwa sisemi na mtu, wala hamkunicheka. Mwenzangu mgeni, ukitaka ardhi milimani huku, usianze na bei. Uliza kwanza mama wa shamba ni nani, uende ukamwamkie.

Nguzo zimesimama tayari. Jumamosi tunaezeka, njooni na kamba. Bibi amesema mtoto ataingia ndani yeye wa kwanza, na atambeba mwenyewe.