Perege Juu ya Mawe

Ndugu zangu, wa kanisani na wa msikitini, nimeomba kusema hapa kivukoni kwa sababu kosa langu nililifanyia hapa. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Mnajua nilikuwa mvushaji. Nilishika watu mikono nikawapitisha kwenye mawe, kutoka upande huu wa Handeni hadi ule wa Korogwe. Baba alinifundisha kuusoma mto: mvua ikinyesha Usambara maji huwa mekundu, usivushe; yakiwa meupe, vusha. Elimu hiyo haikuwahi kunidanganya. Kisha Waingereza wakajenga bwawa la umeme huko juu. Taa ziliwaka mbali. Sisi tulibaki na koroboi, na mto uliopanda na kushuka bila kuuliza mvua.

Asubuhi moja ya kiangazi maji yalishuka mpaka vifundoni. Nilifurahi, maana mke wangu alikuwa na kikapu cha muhogo cha kupeleka sokoni. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akifua, akaniita.

“Mwanangu, leo usivushe. Tazama perege wamebaki juu ya mawe, bado wanapumua. Mto haukukauka, umefungwa. Kilichofungwa hufunguliwa.”

“Bibi, waokote ukapike,” nikamjibu. Watu wakacheka. Mke wangu naye alicheka.

Tulipofika katikati ya mawe, maji yalikuja meupe, hakuna wingu hata moja. Nilikuwa nimemshika mke wangu mkono. Nawaambia, nilikuwa nimemshika.

Tulimpata siku ya tatu. Pale msibani mtu akauliza, “Bibi alijuaje?” Mtu huyo ni mimi. Wengine mlioko hapa mlibeba vijinga vya moto, lakini wa kwanza kuweka kijinga paani kwa bibi ni mimi. “Mchawi, beba perege wako!” tulipiga kelele. Aliondoka na sufuria moja.

Nilikunywa pombe mwaka mzima, mpaka baadhi yenu mkanitoa kilabuni mkanipa jembe. Lakini nilikuwa nimeishiwa kila kitu, nikaenda kufanya kibarua bwawani. Siku moja nyapara aliniweka kwenye gurudumu la chuma. “Zungusha!” Lango likainuka, maji yakatoka. Yalikuwa meupe.

“Walio chini wameambiwa?” nikauliza.

“Chini kuna nani? Nyani?”

Nikaendelea kuzungusha. Hilo nalo naliungama.

Kesho yake niliacha kazi, nikamtafuta bibi. Nilimkuta kwenye kambi ya mkonge, akiokota mabaki ya nyuzi. Nikapiga magoti.

“Umekuja kwa sababu umejua,” akasema. “Ungekuwa hujajua, ningekuwa mchawi mpaka leo.”

Nikajenga nyumba palepale ilipoungua. Alirudi, si kwa ajili yangu; kaburi la mumewe liko hapa.

Sasa kila asubuhi nakagua mawe, jiwe kwa jiwe. Nikikuta perege nafunga kivuko kwa kamba, hapiti mtu, hata jumbe. Tangu hapo mto haujamchukua mtu kivukoni hapa.

Nawashukuru mlionitoa kilabuni mkanipa jembe. Funzo langu ni fupi: aliyeona kabla yako si yeye aliyeleta alichokiona.

Bibi amekaa pale nyuma. Kila asubuhi nampa shikamoo, bado hajaitikia, na sina haki ya kumdai. Leo naitoa mbele yenu ninyi mliosikia nikimwita mchawi.

Bibi, shikamoo.