Mkono Uliokataa Kupanda kwenye Takbira

Ndugu zangu wa kikundi, mkono huu wa kulia ulitaka kunifia ukiwa bado mwilini. Waliotaka kuuua nitawataja. Sogeeni.

Msimu uliopita tulipakia mahindi pale Mkata. Shemeji yangu Salehe juu ya lori, mimi chini nampandishia kiroba. Namwambia, "Shika!" Yeye anacheka na utingo. Kiroba kikarudi na bega langu. Ndani kukalia, ta! Salehe, nakuona hapo mlangoni, usijifiche kwenye kofia.

Akanipeleka kwa Mzee Kibwana, mvuta viungo. "Bega limehama hili," anasema, unyayo kauweka kwapani mwangu. Akavuta. Kila Ijumaa baada ya swala anavuta, nikilia anasema ndiyo linarudi. Linarudi wapi! Kufunga khanga siwezi. Nikitoa takbira, mkono mmoja unapanda, mwingine umelala kama wa maiti. Watu wakaanza kunong'ona kwamba nimefungwa na wachawi. Na mimi, nawaambieni, nikaanza kuamini.

Siku moja Kibwana akasema, "Ijumaa ijayo namalizia." Neno lile likanitia baridi. Dada yangu wa Korogwe akaja kunichukua kabla haijafika.

Hospitali, daktari, binti mdogo tu, akanishika kwanza kwa mikono yake. Akaunyanyua mkono, akaniambia niushikilie hapo juu. Ukatetemeka, ukashuka wenyewe. Akasema twende utrasaundi.

"Mwanangu, mimi uzazi nimeshakoma!"

Mnacheka? Hata yeye alicheka. Akanipaka mafuta ya baridi begani, akawa anauzungusha mkono huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha mashine. Kicheko kikaisha.

"Mama, bega halikuhama. Kano ndiyo imechanika, imebaki kidogo. Nilipokushika nilijua pa kutafuta, hapa naona imefika wapi. Nani anakuvuta?"

Nikamtaja.

"Angevuta tena ingekatika yote."

Namshukuru dada, na binti yule, na aliyenifundisha mazoezi, na ninyi mlionipalilia shamba. Leo takbira yangu inafika begani, haizidi hapo. Salehe nimemsamehe. Kibwana bado, maana angali anavuta. Bega likiumia, ndugu zangu, lishikwe na anayejua, lipigwe picha, ndipo litibiwe.

Zaina, wewe uliyekaa hapo nyuma, leo umefungwa khanga na mwanao. Nimeona. Na kesho ni Ijumaa.

Usiende.