Mshonaji Hakuulizwa Bei

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mdogo ufunge huo mlango, maana kifua changu hakina tena nguvu ya kushindana na kelele za barabarani. Nyumba hii ni yenu wawili. Tanuri la mikate pamoja na wateja wake ni la dada yako, kwa kuwa ndiye aliyeungua mikono pamoja nami. Mwuza unga nimeshamalizana naye, asije mtu akawababaisha. Ila ule uwanja wa nyuma, wa mpira wa wavu, msiuguse. Ni wa klabu maadamu wapo wasichana wa kuuchezea, na atakayeuuza ajue kwamba sina radhi naye.

Sasa nisikilizeni kuhusu hiyo klabu, kwa sababu nimewasikia mkirushiana maneno jikoni mkidhani nimelala. Wewe, mwenyekiti, unamwambia dada yako kwamba mwanachama halipwi, hapa kila mtu anajitolea. Na wewe, binti yangu, umejibu kwamba umeacha kazi yako ya mchana ili ufundishe watoto wa watu, basi. Mambo kama hayo niliyaona mkiwa wadogo, na yalinipotezea ndugu.

Mnamkumbuka mama yenu mdogo, yule Mshonaji? Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini tuliianzisha klabu pamoja, yeye akininyanyulia mpira na mimi nikipiga, na wavu wetu wa kwanza aliufuma mwenyewe kwa kamba za magunia. Kila mtu alifanya alichoweza: huyu anafagia, yule anachora mistari kwa chokaa, mimi naleta mikate iliyoungua pembeni ambayo wateja wameikataa. Ilikuwa raha tupu. Hakuna aliyewaza malipo, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ndogo, unaifanya huku unapiga soga.

Kisha klabu ikakua. Timu ya watoto, timu ya wakubwa, timu ya akina mama, na jezi za wote anashona yeye. Mwanzo alishona jioni, baadaye hata mchana, mwishowe nikipita dukani kwake naona magauni ya wateja yamening'inia bila mikono, naye amezama kwenye namba za mgongoni. Wateja wakamhama. Siku moja kikaoni akasema kwa sauti ya chini, "Naomba tuzungumzie jezi za msimu huu," na kabla hajaendelea baba yenu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mtu mwenye huruma mpaka inamponza, akasimama na kusema mbele ya wote, "Tumchangie mwenzetu, hali yake nyumbani ni mbaya, hata watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada." Akavua kofia yake, akaizungusha.

Wanangu, ile kofia naiona hadi leo ikipita mkono kwa mkono. Ilipomfikia, aliitazama, akaiweka juu ya meza polepole kama chombo kinachovunjika. "Shemeji," akasema, "mimi sikuja kuomba." Akabeba kitambaa chake, akaenda zake. Na mwezi uliofuata kamati ikampa kazi ile ile fundi wa mtaa wa pili, ikampa na malipo ya awali, wala hakuna aliyevua kofia. Baba yenu alikwenda kwake kumsihi, akakaribishwa vizuri, akapewa kiti, lakini habari ya klabu ikawa haiguswi. Baba yenu alikufa nayo moyoni.

Juzi Mshonaji alikuja hapa, mlipokuwa kazini. Aliketi hapo ulipoketi wewe, akanikanda miguu. Nikamwuliza, "Mwenzangu, wangekulipa ungepokea?" Akacheka. "Dada, kwani nilitaka nini? Nilitaka mtu aniulize, bei yako ngapi? Ningewapunguzia, nyinyi si watu wangu?" Tukacheka, halafu tukalia, wazee wazima. Ujana wetu wote umepita hatunyanyuliani mpira.

Nipe maji kidogo... Basi.

Mtu akiwapa saa yake ya ziada, mshukuruni, inatosha. Akianza kufunga duka lake kwa ajili yenu, mlipeni. Kazi ambayo mngemlipia mtu wa nje, msifanye malipo ya yule wa ndani yaonekane hisani, na msingoje mpaka awe na njaa ndipo mumwone. Semeni bei mapema, wanachama wote wasikie. Na kama klabu haina uwezo, mwambieni waziwazi, apunguze kazi, arudi kwenye shughuli zake bila kinyongo. Nawe binti yangu, ukishapokea, ukubali kuulizwa umechelewa wapi, usije ukajifichia kwenye kujitolea.

Mshonaji mumpe kiti cha mbele siku ya kunizika. Msimpe... msimpe kazi yoyote. Aketi tu.

Mungu awakunjulie njia, awape watoto wenye adabu na usingizi mtamu. Nimewaridhia wote wawili, tangu mlipokuwa mgongoni mwangu mpaka leo.

Sasa, mwenyekiti, mgeukie dada yako. Si kesho, si kwenye kikao. Mwulize bei yake. Macho yamekuwa mazito, nayafumba... lakini nasikia. Mwulize, mwanangu.