Uji wa Kitanda cha Tisa

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la spea za baiskeli pale barabara inapokata kona. Mimi hukaa mwisho kabisa, kwa sababu ndipo lilipo sanduku langu la kushonea viatu, wananiita Gundi. Katikati hukaa Breki, dereva wa lori mstaafu, ambaye mpaka leo gari likipita kasi mguu wake wa kulia hukandamiza ardhi. Pembeni yake ni Kamusi, aliyekuwa karani wa posta, mtu mwenye methali kwa kila jambo, ingawa mara nyingi methali na jambo havijuani. Kahawa anatumiminia Mama Birika, na ulimi wake ni moto kuliko jiko lake. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha Sindano, fundi cherehani, mtu wa maneno ya kuhesabika. Jumatatu moja asubuhi, mzee mmoja mpita njia aligongwa na pikipiki mbele ya kibanda hicho. Pikipiki haikusimama. Mzee alivunjika taya na nyonga, hakuweza kutamka neno, na mfukoni hakuwa na simu wala kitambulisho. Sisi tulisimama, tukashika vichwa, tukasema “masikini”. Sindano akamfunga kwa kitambaa cha mteja, akasimamisha gari la mizigo, akaondoka naye. Tangu siku hiyo, kila ikifika saa nne, alifunika cherehani yake kwa shuka, akachukua chupa ya uji, akaenda hospitali. Hapo ndipo vichwa vilipoanza kutuuma.

— Huyoo! — alisema Breki siku ya tisa, akimwonyesha kwa kidevu. — Saa nne kamili. Na suruali yangu imo humo ndani haina pindo.

— Mwache mtu, — Mama Birika akasema. — Anampelekea mgonjwa chakula.

— Mgonjwa ni nani yake?

— Si nani yake.

— Basi hapo ndipo penye neno. Mtu hamlishi mtu asiye nani yake siku tisa. Siku moja sawa. Mbili, huruma. Siku tisa ni undugu. Nakwambieni, yule ni baba yake. Alimkataa utotoni, sasa damu imeitana.

Kamusi akapuliza kahawa yake, dalili kwamba methali inakuja.

— Wahenga walisema, tenda wema nenda zako. Sasa nyinyi mtazameni huyu. Ametenda, haendi zake! Kila siku anarudi. Kwa hiyo huo si wema.

— Ni nini basi?

— Ni kilimo. Anapanda. Wema hauozi, ndiyo maana mtu anaweza kuuweka akiba hata miaka kumi. Yule mzee ana shamba mahali, hana mtoto, na kabla hajafa ataomba kalamu.

— Mzee hawezi kushika kijiko, — alisema Mama Birika, — ataishika kalamu?

— Dole gumba linatosha, dada yangu. Nimekaa posta miaka thelathini na mbili, nimeona yaliyofanywa na dole gumba.

Tulicheka. Siku ya kumi na moja Breki akaja na jingine: Sindano aliweka nadhiri alipokuwa mgonjwa, sasa anailipa. Siku ya kumi na tatu Kamusi akasema hakuna mzee kabisa. Mzee alishapona zamani akaenda kwao, na uji ule unanywewa na muuguzi mmoja mweupe wa meno. Siku ya kumi na nne likaja lile lililotuharibia.

— Jamani, — alisema Breki, akashusha sauti kama anayeingiza gia ya chini. — Mwenye pikipiki nani alimwona?

Akatupitishia macho mmoja mmoja.

— Hakuna. Na wa kwanza kumfikia mzee alikuwa nani? Sindano. Mtu alikuwa anavuka mlangoni kwake, labda alimsukuma, labda alimwagia maji ya pasi akaruka barabarani. Sasa dhamira inamla. Ndiyo maana haongei! Anamlisha ili mzee akipata sauti asimtaje.

— Kikulacho ki nguoni mwako, — Kamusi akatikisa kichwa. — Na huyu kazi yake ni nguo.

Hapa lazima niseme la kweli, maana ndilo linalonikereketa mpaka leo. Mimi niliiona ile pikipiki. Nilikuwa nimeinua kiatu cha mteja nikitazama kisigino, nikaiona ikija, nyekundu, taa yake moja imevunjika, na nikamwona Sindano ameinama juu ya cherehani, miguu inakanyaga. Alikuwa kazini kwake. Hakusukuma mtu. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni, nikayameza pamoja na kahawa, kwa sababu mazungumzo yalikuwa matamu na sikutaka kuwa mimi wa kuyatia maji.

— Wewe Breki, — Mama Birika alimkemea, — maneno hayo yaishie hapa hapa.

— Lisemwalo lipo, mama. Kama halipo, laja.

Likaja kweli. Breki ana rafiki askari wa barabarani. Sijui alimwambia nini, na yeye mwenyewe anaapa kwamba alikuwa anapiga soga tu. Jumanne iliyofuata, saa nne kasorobo, askari wawili walisimama kibandani kwa Sindano. Walikuwa na adabu. Walisema anatakiwa kituoni kwa mahojiano kuhusu ajali ile. Sindano hakubisha. Alifunika cherehani yake, akatazama saa, akavuka barabara akiwa na chupa mkononi. Nilidhani anakuja kututukana, na tungestahili. Alisimama mbele yangu mimi.

— Gundi, nisaidie. Wodi ya wanaume, kitanda cha tisa. Kijiko kidogo kimo ndani ya kitambaa. Mwinue kwanza, mwegemeze upande wa kushoto, la sivyo atapaliwa. Usimharakishe.

— Lakini Sindano, kituoni...

— Kituo hakiendi popote. Uji unapoa.

Akaondoka na askari. Breki alikuwa anatazama viatu vyake. Nikafunga sanduku langu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika hospitali ile, ingawa si mbali, ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Mzee aliponisikia alifungua macho, akatazama nyuma ya bega langu kumtafuta mwingine. Alipoona sina mtu nyuma, akageuza uso ukutani.

— Shikamoo mzee, — nikasema. — Nimetumwa na fundi. Amepata dharura. Uji ni ule ule.

Hakugeuka. Mikono yangu ilinuka gundi. Nikaenda kunawa, nikarudi, bado inanuka, nikanawa tena. Niliporudi mara ya pili alikuwa amegeuka. Nikamwinua kama nilivyoelekezwa. Alikuwa mwepesi kupita nilivyofikiri. Meno yalikuwa yamefungwa waya, kwa hiyo uji ulipita kwenye pengo moja tu pembeni, nusu kijiko, halafu unangoja ameze, unafuta kidevu, unarudia. Nusu kijiko, unangoja, unafuta. Mara mbili nilimharakisha, mara mbili akapaliwa, na machozi yakamtoka, mimi nikaomba radhi kama mtoto. Chupa ile ndogo ilituchukua saa nzima. Kazi ile haikuachii nafasi ya kufikiria jambo jingine, na niliona jinsi soga zetu za wiki mbili zisivyoweza kujaza hata kijiko kile.

Alipomaliza alinishika kifundo cha mkono. Akanitazama. Nilitaka kumwambia kwamba mimi siye.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kituoni. Nikamwambia askari wa mezani nilichokiona: pikipiki nyekundu, taa iliyovunjika, fundi yuko kwenye cherehani yake. Akaandika.

— Mbona hukusema siku zote hizi?

Nikasema hakuna aliyeniuliza. Ilikuwa kweli, na halikuwa jibu. Yeye mwenyewe aliliona hilo, akanitazama kidogo kabla ya kugeuza karatasi.

Alasiri tulirudi pamoja, mimi na Sindano, bila kusemezana, ila aliniuliza kama mzee alimaliza, nikamwambia alimaliza. Tulipofika kijiweni, Breki alisimama. Sijapata kumwona Breki akiinuka kwa ajili ya mtu.

— Ndugu yangu, — alisema, — mdomo wangu hauna breki. Nimekukosea. Nisamehe.

— Yamepita, — alisema Sindano. — Suruali yako nitaimaliza kesho.

— Achana na suruali! Nataka nikuulize, na usikasirike. Kwa nini yule mzee? Ni nani wako?

Sindano akafikiri. Alikuwa anafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua.

— Alianguka mlangoni kwangu.

— Sawa. Na kama angeangukia mlango wa jirani?

— Ningetembea kidogo zaidi.

Akaaga, akavuka. Kamusi alitafuta methali mpaka kahawa yake ikapoa. Hakuipata.

Alhamisi ya wiki ya nne, mchana, madaktari walimtoa mzee ile waya mdomoni. Kwa ulimi mzito alitaja namba ya simu ya binti yake, ambaye kumbe alikuwa amemtafuta hospitali sita. Binti alifika na basi la alfajiri Ijumaa, na saa mbili walikuwa wameshaondoka kwenda kwao. Sindano alifika saa nne kama kawaida, akakuta kitanda kimetandikwa shuka safi.

Habari hiyo tuliipata kwa Mama Birika, ambaye siku hizi ndiye anayeupika ule uji, kwa sababu alisema wa Sindano ulikuwa na mabonge.

— Hata kwaheri hakumwambia! — Breki aliruka. — Wiki nne, halafu mtu anaondoka hivi hivi?

— Alikuwa anapelekwa nyumbani, — Mama Birika alisema. — Ulitaka akae amngoje mtu kitandani?

— Sindano alifanya nini?

— Alisimama kidogo. Halafu akamuuliza jirani wa kitanda cha nane kama ameshakula. Ni fundi ujenzi, alianguka kwenye jengo, mikono yote miwili imo kwenye plasta. Akasema bado. Basi Sindano akavuta kigoda.

Tulitazama ng'ambo. Ilikuwa Jumatatu, saa nne na dakika chache, na shuka lilikuwa juu ya cherehani.

— Mgeni siku mbili, — Kamusi alianza, — ya tatu...

— Ya tatu nyamaza, — akasema Mama Birika, na Kamusi, kwa mara ya kwanza, akatii.

Jumatano yake, kabla ya adhuhuri, mwanamke mmoja alishuka kwenye basi pale kona. Alikuwa na umri wa kuwa na watoto shuleni, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, viatu vya safari. Alitazama vibao vya maduka kimoja kimoja, kisha akaja kwetu.

— Shikamooni wazee wangu. Shikamoo mama. Naambiwa hapa kuna fundi cherehani aliyekuwa akimlisha baba yangu hospitali.

Sote tulisimama. Breki akamfutia ubao kwa kiganja. Mama Birika akammiminia kikombe bila kumuuliza.

— Mzee hajambo? — nikamuuliza.

— Hajambo sana. Anakaa mwenyewe sasa. Maneno yanarudi moja moja. Mimi nilimchukua asubuhi ile kwa pupa ya kumpata, sikumwona fundi, sikumwachia hata salamu. Yuko wapi?

— Yuko hospitali, — alisema Breki.

Mwanamke akashtuka.

— Anaumwa?

— Haumwi, mwanangu. Kuna wa kitanda cha nane.

Alikaa ubaoni. Alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kukinywa. Machozi yalimjia, akayaacha yaende yalikotaka, kisha akacheka kidogo kwa aibu.

— Baba atanicheka nikimweleza. Yeye jioni kabla ya kulala anasali, anatuombea mmoja mmoja: mimi, wanangu, marehemu mama. Akifika kwa fundi anakwama. Ananitazama mimi, kama mimi ninajua. Muda wote ule hakuwa na mdomo wa kumuuliza. Ndiyo nimekuja. Sikuleta zawadi, baba alisema yule mtu hapokei, utamwona tu. Amenituma kitu kimoja. — Akatutazama kwa zamu, uso wake una matumaini. — Anaitwa nani?

— Sindano, — Breki akajibu haraka.

— Hilo si la kijiweni, mjomba? Nauliza jina lake. Alilopewa na mama yake.

Breki akamgeukia Kamusi. Kamusi, aliyesoma majina juu ya bahasha kwa miaka thelathini na mbili na kujua kila moja linaishi mlango gani, alivua miwani yake akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Mama Birika alinitazama mimi. Kibanda kile kina miaka minane mbele ya macho yangu. Suruali niliyovaa siku ile alinishonea yeye.

Binti wa mzee alikuwa bado anasubiri, kalamu mkononi, amekunjua kikaratasi juu ya goti.