Bernadina na Lango la Wageni

Ndugu waombolezaji, habari hii hakuna atakayeiamini, na msomaji wake ndiye anazidi kuiharibu: ni Athanas, mjomba wa marehemu, aliyeacha shule darasa la tano kwa kuwa, asemavyo mwenyewe, walimu walikuwa wameishiwa cha kumfundisha. Leo atajitahidi.

Bernadina Kashinje Luhende alizaliwa tarehe 14 Mei 1984 Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Luhende na Mama Juliana, tuliye naye hapa. Kabla hajajua kusoma alijua kukagua. Mjomba akiaga, humkuta kasimama mlangoni.

“Mjomba, geuza mfuko.”

Mfuko ukigeuzwa, matobolwa, vile viazi vikavu vya dada yake Juliana, yanamwagika. Mjomba huapa viazi vile viliruka vyenyewe.

“Viliruka vikafunga na kifungo?”

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, kisha sekondari Shinyanga mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2003. Baada ya mgambo, mwaka 2008, aliajiriwa ulinzi katika mgodi mkubwa wa dhahabu upande wa Geita, ambao familia imeamua usitajwe makaburini. Tarehe 26 Septemba 2009 alifunga ndoa na Deusdedit, fundi cherehani, mwanamume mpole hata sindano haimwogopi. Walijaliwa Amosi na Sesilia.

Kazi yake ilikuwa kukagua wanawake wanaotoka zamu. Mgodi ule una malango mawili. Wenye kadi ya bluu, yaani Watanzania, hupanga foleni na kubonyeza kitufe kinachochagua kwa bahati nasibu wa kupekuliwa. Taa ikiwaka nyekundu, unaingizwa chumbani unavuliwa. Wenye kadi nyeupe, yaani wageni kutoka nje, hupita lango la pili wakipunga mkono. Bernadina alifumua nywele za wenzake, akawachutamisha. Siku moja taa ilimwakia Vumilia, mpishi, mwenye mimba kubwa. Vumilia hakulia. Alisema tu, “Mama Amosi, angalia vizuri, usije ukaniita tena.” Siku hiyo Bernadina alirudi nyumbani asile.

Aliwauliza wakubwa. Wakamjibu kwamba utaratibu hauna ubaguzi: unaangalia kadi, hauangalii rangi. Naye akayashika maneno hayo kama yalivyo.

Hemal, ambaye namwona pale nyuma, ni mtoto wa duka la vipuri Shinyanga mjini. Yeye na baba yake, Mzee Lalji, wamezaliwa palepale, na Kisukuma chake kinamshinda mjomba. Kila alipoleta vipuri mgodini, walinzi walimpungia apite lango la wageni, Bernadina mwenyewe akiwamo. Hakuna aliyewahi kumwuliza kadi. Tarehe 9 Novemba 2021, jioni zamu ikitoka, Bernadina alimsimamisha.

“Kaka Hemal, kadi.”

“Dada, miaka yote hii hamjaniuliza.”

“Ndiyo nakuuliza leo.”

Ilikuwa ya bluu. Hemal akaja foleni ya kwetu, akabonyeza. Nyekundu. Akaanza kuvua viatu. Msimamizi wa zamu, Mtanzania mwenzetu, akaja mbio.

“Bernadina! Unamdhalilisha mgeni?”

“Mgeni gani, mkuu? Kadi yake ni kama yako.”

“Sasa si unamwona alivyo?”

“Umesema mwenyewe. Mimi nimeangalia kadi, wewe umeangalia ngozi.”

Bernadina akaigeukia foleni. “Jamani, mmesikia? Semeni basi!”

Yaliyofuata pale mjomba atayasoma mwishoni. Kabla mwezi haujaisha Bernadina aliachishwa kazi kwa kuvuruga utaratibu, na bima ikaondoka na kazi. Uvimbe wa titi ulipoonekana mwaka 2022, alichelewa kupimwa, kisha akachelewa kutibiwa. Alifariki hospitalini Mwanza tarehe 3 Machi mwaka huu, 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Deusdedit. Malango bado ni mawili. Hemal bado anapanga foleni ya bluu, na walinzi wapya bado wanamwambia amekosea njia.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, na mjomba asiye na wa kumkagua tena. Apumzike kwa amani, mahali penye lango moja.

Limebaki lile la mwisho. Wodini, wiki ile ya mwisho, Bernadina alitaka asomewe wasifu huu mapema, maana alimjua mjomba wake. Mjomba akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya redio: “Ndipo foleni nzima, watu mia tano, ikalipuka kwa vigelegele, ikamwinua Bernadina mabegani, ikaling’oa lile lango la wageni, na meneja mwenyewe akapiga mago—”

“Mjomba, geuza mfuko.”

Mjomba akavua miwani.

“Hakuna aliyenibeba. Hakuna aliyefungua mdomo. Walitazama viatu vyao, taa ikawaka kijani, wakapita. Andika hivyo hivyo, mjomba. Wengi wao watakuja kunizika.”