Velichko Stanchev na Mawe Meupe ya Mzee Tsanko

Ndugu na majirani mliopanda kilima hiki kwa matope haya, mbarikiwe. Wazee wakae. Haitakuwa ndefu, maana yeye mwenyewe hakupenda hotuba, nami nimechoka.

Velichko Minkov Stanchev alizaliwa tarehe 14 Februari 1962 kijijini hapa Gorna Lipa, juu ya Troyan, mtoto wa kwanza wa Minko na Genka Stanchev. Ilikuwa sikukuu ya kupogoa mizabibu, na hapa kwetu mizabibu hupogolewa zaidi kwa mvinyo kuliko kwa mkasi, kwa hiyo baba yetu alimwandikisha siku mbili baadaye. Karani akaandika 16 Februari. Velichko hakuwahi kusahihisha. Alisema siku mbili za ujana si kitu cha kukataa.

Alisoma hapa kijijini hadi darasa la nane, kisha shule ya ufundi wa mitambo ya kilimo kule Lovech, 1977 hadi 1980. Cheti chake ninacho nyumbani. Ufundi, vizuri sana. Chini yake mwalimu ameongeza kwa mkono: “Anajua jibu ila hasemi.” Mwalimu yule angekuja kuishi naye, angeandika kitabu kizima.

Baada ya jeshi alifanya kazi katika karakana ya matrekta ya ushirika wetu, 1982 hadi 1992, ushirika ulipovunjwa na kila mtu akaondoka na alichoweza kubeba. Yeye aliondoka na boksi moja la spana. Kuanzia hapo alikuwa katika kiwanda cha mbao cha Troyan hadi mwaka 2022, miaka thelathini ya kumeza vumbi la msonobari, na kila jioni mke wake akimkung’uta mlangoni kama zulia.

Sasa nifike kwenye ndoa, na ndoa haisemeki bila gari.

Gari lilikuwa la baba yetu, la mwaka 1971, rangi ya haradali. Baba alifariki Februari 1986, gari likiwa limefungiwa bandani kwa majira ya baridi kama kawaida yake. Aprili Velichko akalitoa, akalifuta vumbi, akavuka nalo bonde kwenda Bukovets kumposa Stoyna. Baba yake Stoyna, mzee Tsanko, ni mwashi. Mwezi ule alikuwa ametandika uani mawe meupe, moja moja, kwa mikono yake, kwa ajili ya posa ya binti. Kaka yangu akaliegesha gari katikati ya mawe hayo. Waliponyanyuka mezani, chini ya injini kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa mkate.

Nilikuwepo. Mzee Tsanko alilitazama doa, akamtazama bwana harusi, akasema kwa utulivu: “Binti nitakupa, kwa kuwa analia. Lakini siku hilo debe lako litakapolala hapa bila kudondosha tone, ndiyo siku nitakuita mwanangu.”

Walifunga ndoa tarehe 20 Septemba 1986. Mzee alitimiza neno lake, kama nyote mjuavyo. Kwa miaka thelathini na minane alimwita “yule wa mafuta”. Krismasi, Pasaka, ubatizo wa binti yao Iliyana, gari lilibaki nje ya lango na kipande cha boksi chini yake, na kaka yangu akaingia kwa miguu.

Wengi mlimcheka kwamba kila Jumamosi miguu yake ilionekana chini ya gari. Mimi ndiye niliyemshikia taa. Alianza na gasketi, ile pedi ya kuzuia mafuta, ya kifuniko cha juu cha injini. Wakati vipuri havikupatikana, aliikata mwenyewe kwa mkasi wa Stoyna kutoka bamba la gome laini, lile la vizibo vya chupa, akailoweka maji ya uvuguvugu isipasuke. Sili ya nyuma, ile pete ya kuzuia mafuta, aliitengeneza kwa sufu nzito ya buti za jeshi. Aliosha injini kwa petroli, akaipaka poda ya watoto, akaiwasha, tukachuchumaa kuona mafuta yanachora njia wapi. Yalichora kila mahali. Ukiziba huku yanatokea kule. Mwaka 1997 alikaza sampu, bakuli la mafuta chini ya injini, kwa hasira mpaka ikapinda, na hapo ndipo alipojifunza lile aliloniambia tangu siku hiyo: “Usikaze mpaka itii, dada. Kaza mpaka ishike.” Stoyna alimsihi auze. Mimi nilimwambia alichome moto na mzee akiwemo ndani. Akarudi chini ya gari. Alikuwa anajua jibu.

Alianza kuugua Machi mwaka huu. Kifua. Hospitalini walimtia mrija ubavuni kutoa maji. Mwezi Agosti daktari alikuwa akimweleza Stoyna kwamba kitu kikijaa ndani na kikakosa pa kutokea, kitasukuma palipo dhaifu. Velichko akafumbua macho, akaniita. Nikadhani ni kasisi anayemtaka.

“Dada, nyuma ya injini kuna mpira unaoshuka chini. Injini hupumulia humo. Katazame mdomo wake.”

Nilikwenda bandani na taa. Nililala pale alipokuwa akilala yeye, nikaufuata ule mpira kwa vidole hadi mwisho wake. Ulikuwa umezibwa kwa kizibo cha chupa ya mvinyo, cheusi kama jino bovu. Nilikitambua. Kila vuli baba alikuwa akiziba matundu yote ya gari ili panya wasijenge humo, na kila Aprili akizibua. Aprili ile hakuifikia. Injini ilikuwa imezibwa pumzi tangu baba afe, ikasukuma mafuta nje na kupasua gasketi baada ya gasketi, mwanawe akitafuta kosa lake mwenyewe.

Nilimpelekea kile kizibo kitandani. Alikigeuza mkononi kwa muda mrefu, kisha akacheka mpaka nesi akaja.

Septemba walimruhusu nyumbani. Alikaa kwenye kigoda akiniamuru, mimi nikabadilisha gasketi mbili za mwisho, kwa kukaza kidogo upande huu, kidogo upande ule. Boksi lilikaa chini ya gari wiki mbili likabaki kavu. Tarehe 26 Oktoba, Siku ya Mtakatifu Dimitri, alitaka apelekwe Bukovets. Niliendesha mimi. Mzee Tsanko aliona hali yake, akafungua lango lote, nikaegesha palepale, juu ya lile doa la zamani.

Asubuhi mzee alitoka na fimbo, akainama. Akasema labda mafuta yamekwisha. Velichko akaniambia nimpe kijiti cha kupimia. Mzee akapima: yamejaa. Akakifuta kwa leso yake safi, akakirudisha. “Tuone na kesho,” akasema. Kaka yangu alitabasamu, ila siku hiyo hiyo pumzi zilimbana na gari la wagonjwa likaja kumrudisha hospitalini. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, Stoyna akiwa amemshika mkono. Lile neno “mwanangu” hakulisikia.

Ameacha mjane, Stoyna, binti, Iliyana, aliyetoka Valencia na mumewe, wajukuu wawili, na mimi dada yake, Nedyalka. Karatasi za tanzia mlizoshika zinamtaja pia baba mkwe, Tsanko. Jana nilikwenda kulichukua gari. Mzee alikuwa ameketi kando yake uani, kiganja chini ya injini, juu ya jiwe. Akanionyesha kiganja. Kikavu, baada ya siku kumi na nane.

“Umeniandikaje kwenye karatasi, Nedyalka?”

Nikamwambia: baba mkwe.

“Kata hilo la mwisho.”

Nikamjibu zimeshachapishwa. Akasema basi wakate watu. Kwa hiyo mwenye kalamu aipitishe kwa jirani yake, akate neno “mkwe”, kabla hatujamshusha. Udongo umlalie mwepesi, na Mungu ampe usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.